Programu Aliyonichagulia Mutheu

Jumanne, Kilungu

Wiki tatu nimeng'ang'ana na ile programu kubwa ya kuiga ubongo kwenye kompyuta, ati kwa sababu mabingwa huitumia kuchora kila tawi la seli ya ubongo. Kompyuta ikikwama, ninajilaumu.

Leo Mutheu, tunayesoma naye, amekuja kutoka Salama. Hakugusa kompyuta kwanza. Aliniuliza, "Wewe unataka kujua nini hasa?"

"Vile kifafa kinaenea kutoka seli hadi seli."

"Basi matawi ya nini? Chukua programu ndogo, uandike milinganyo yako mwenyewe."

Swali rahisi hivyo, na mimi sikuwahi kujiuliza!

Aliandika mistari michache tu. Nukta zikajaa kwenye skrini, kila nukta ikionyesha seli moja ikiwaka kwa wakati wake. Akapunguza nguvu ya seli zinazotuliza nyingine, na zote zikawaka pamoja.

Kaka yangu Musyoka, mwenye kifafa tangu utotoni, alikuwa amesimama nyuma yetu. "Hivyo ndivyo kichwa changu hufanya?"

"Ni mfano tu, kaka," Mutheu akamjibu. "Lakini unakaribia ukweli."

"Zitulize," Musyoka akasema.

Mutheu akairudisha ile nguvu. Nukta zikatawanyika, kila seli ikiwaka tena kwa wakati wake. Musyoka akavuta kiti, akaketi katikati yetu.

"Nionyesheni tena," akasema. "Polepole."