Viatu Visivyofungwa Kamba

Deo ndugu yangu,

Nakuandikia nikiwa na hasira, nisikufiche. Najua marehemu huandikiwa maneno matamu, lakini wewe nimekushuku kunificha kitu tangu wiki uliyozikwa, na leo nimepata ushahidi. Uko hapa mezani mbele yangu, saizi arubaini na nne.

Kwanza nikupe habari za mtaa wetu wa Blacktown, hapa Australia. Bado tumefungiwa kwa ajili ya korona. Helikopta ya polisi inazunguka juu ya mapaa yetu utadhani mtaa mzima umeiba kitu, na ukitoka zaidi ya kilomita tano bila kibali, umekwisha. Mimi naruhusiwa kwenda Parramatta, kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Nachokonolewa pua, nafanya zamu, narudi. Baiskeli nimeifunga kwenye kile chuma ulichoniazima, naendesha gerejini nikitazama ukuta. Watu wanaangaliana kwa jicho la pembeni. Ukikohoa kwenye lile duka la unga wa muhogo, foleni yote inakupisha.

Na ulivyokufa ghafla, asubuhi, ukitandika kitanda, kila mtu alikuwa na lake. Wengine walisema ni korona imefichwa. Wengine wakasema ni sindano. Mimi nilikuwa na langu na sikumwambia mtu. Nilishuku kwamba ni mimi niliyekuua.

Si ni mimi niliyeona tangazo la yale mashindano? Kuogelea, baiskeli, mbio, vyote kwa mpigo, kule Amerika, katika jangwa lililo zaidi ya mita elfu mbili juu ya bahari. Mipaka ilikuwa haijafungwa bado. Nilikubembeleza mwezi mzima. Ulikuwa ukinyamaza, halafu siku moja ukaja unachekelea: "Twende tu. Mama Riziki mwenyewe amesema niende." Nikampenda shemeji yangu siku hiyo, wallahi.

Unakumbuka kule walivyonitazama? Mkenya! Walidhani nimezaliwa mlimani na mapafu ya ziada. Kumbe mtoto wa Kisauni, mahali pa juu kabisa nilipowahi kusimama kabla ya kuja Australia ni daraja la Nyali. Na aibu kubwa zaidi uliijua wewe peke yako, kwamba nilikulia Mombasa na sijui kuogelea. Ni wewe, mtu wa Bukavu, mtu wa ziwa, uliyenishika tumbo kwenye bwawa la Blacktown kama mtoto mchanga. "Uko unaogopa nini? Maji haina meno."

Asubuhi ya mashindano maji yalikuwa baridi ya kukata mbavu, na hewa ya kule haitoshi, unavuta na kuvuta hakiingii kitu. Katikati ya lile bwawa la jangwani nikapaniki. Ukarudi. Watu wote wakatupita, wewe ukaelea kando yangu ukihesabu pumzi zangu hadi nikatulia. Kwenye baiskeli ukaniacha, nikaona mgongo wako ukiishia kwenye ile barabara ndefu yenye vumbi jekundu. Nikasema basi, leo huyu simpati.

Halafu kwenye mbio, zikiwa zimebaki kama kilomita mbili, nikakukuta. Umekaa juu ya jiwe kando ya njia, umeinamia kiatu. "Pita tu, ndugu, niko nafunga kamba." Nikapita. Nikakucheka, hata! Nilimaliza dakika nne mbele yako, na miaka miwili nimejigamba nazo kanisani, kwenye nyama choma, hadi sebuleni kwako mbele ya mkeo. Ulikuwa unacheka tu.

Tuliporudi ukaanza visababu. Milima ya nyuma ya Penrith tuliyokuwa tukiipanda kila Jumamosi ukasema imekuchosha. Siku moja nikaona vidonge mkononi mwako, vidogo, vyeupe. Ukasema ni vya tumbo. Na mimi, Deo, mimi ninayegawia wazee vidonge vya moyo kila asubuhi, nikakubali! Hilo halinitoki kichwani.

Uliruhusiwa kuzikwa na watu kumi. Sikuwa mmoja wao. Nilikuzika kwenye simu, nimekaa kitandani na suti, picha ikikatika. Mama Riziki nikimpigia hashiki. Nikajua tu, huyu mama ana neno na mimi.

Siku ya kumaliza matanga hapakuwa na sufuria wala wimbo. Nguo zako ziligawiwa kwenye mifuko, ikatundikwa kwenye uzio na majina yetu, kila mtu anachukua wake na kuondoka. Wengine walipata mashati. Mimi nikapata viatu vyako vya mbio, vumbi jekundu bado liko kwenye soli. Hakuna hata neno moja. Nikaelewa anachoniambia: chukua, ni wewe uliyemkimbiza.

Wiki tatu sikuufungua tena ule mfuko. Leo asubuhi nimejikaza, nikaingiza mguu ingawa vinanibana, nikainama nifunge kamba. Deo. Ni kamba za mpira! Hazifungwi. Tulizitia pamoja, jikoni kwako, wewe ukinihubiria kwamba mtu akishuka kwenye baiskeli anachomeka mguu tu na kukimbia. Sasa pale kwenye jiwe ulikuwa unafunga nini?

Nikavaa barakoa, nikaenda kwako. Mama Riziki alisimama mlangoni, mimi nje ya uzio. Nikamuuliza waziwazi kama ulikuwa mgonjwa. Akanipasukia. Kwamba daktari alikukataza kabla hatujasafiri, kwamba moyo wako ulishaonekana una kasoro. "Na ni wewe ulimulazimisha! Aliniambia bila yeye utakufa mu maji!"

Nikamwambia ulichoniambia mimi, kwamba ni yeye mwenyewe aliyesema uende.

Akakaa kwenye ngazi polepole, mkono kichwani. Kumbe na yeye muda wote huu alikuwa ananishuku mimi, kama mimi nilivyomshuku yeye kunichukia bure, na kati yetu kuna mwongo mmoja mwenye meno meupe. "Huyu mwanaume!" akasema. Akacheka, na kicheko kikageuka kilio, nami nimeshika uzio siruhusiwi kumfikia. Jirani akafunua pazia. Tukalia hivyohivyo, kila mtu upande wake.

Lakini ungekuwa mwongo mtupu ningepumzika. Mke wako ulimwambia kweli, bila wewe ningezama. Ulitaka kwenda na ulitaka nirudi hai, vyote viwili, na hukutaka mtu akuulize. Nimekukasirikia, na nakupenda, na sijui niweke wapi mikono yangu.

Zile dakika nne nimezirudisha. Jumapili nitasema mbele ya watu, hata kama ni kwenye simu, kwamba sikukushinda.

Mipaka ikifunguliwa, Mama Riziki anataka kupaona. Nimemuahidi. Nitaogelea lile bwawa bila wa kunihesabia pumzi, nitaendesha, nitakimbia na viatu vyako mgongoni maana havinitoshi. Yeye atakuwa ananingojea kwenye lile jiwe.

Lala salama, ndugu yangu. Safari hii nikifika pale, sipiti. Nitakaa.

Mwakio