Chaja Aliyoinunua Baba

Jumatano usiku

Imezima tena, na waya umechomekwa ukutani! Baba kaigongagonga laptopu kama redio mbovu, halafu kanigeukia: "Umeme wa siku hizi hauna nguvu."

Umeme hauna kosa. Kosa ni la chaja aliyoinunua Kariakoo ile ya kwanza ilipoungua. Aliijaribu dukani kama anavyojaribu redio zake: imeingia, taa imewaka, kalipa. Kumbe ni ya mashine ndogo. Tukicheza gemu la magari, laptopu inakula umeme mwingi kuliko chaja inavyoleta, kwa hiyo inachota kwenye betri mpaka betri inakwisha. Nimepunguza mwanga wa skrini, nimefunga kila kitu kingine. Inasaidia kidogo tu.

Nilipomweleza, alinuna. "Tangu ruksa ya biashara huria iingie nauza redio Mchafukoge, leo nishindwe kuchagua chaja?" Mbishi huyu!

Ikizima, tunaiacha ipate chaji, na Baba anachemsha kahawa ya tangawizi. Ndipo anapomtaja Mama. Tangu tumzike alikuwa hamtaji kabisa. Leo kanisimulia siku alipomfundisha kuendesha gari kule Upanga: gari likaingia kwenye ua wa watu, Mama akashuka kuwasalimia wenyeji kana kwamba wamemwalika.

Tumecheka mpaka kahawa ikapoa.

Chaja inayofaa nimeshainunua, tangu Jumamosi. Iko kabatini, chini ya khanga za Mama, na huko huko itakaa.