Fundi Wangu

Jumamosi, 2 Machi

Limepanda! Lile jiwe la nyuma ya karakana ya Mjomba, kubwa kama gunia lililojaa — gari langu la rimoti limelipanda lote. Taratibu kama kinyonga, tairi moja baada ya jingine. Jana nilibadilisha springi mwenyewe, nikaweka laini zaidi. Mjomba aliiacha redio aliyokuwa akiitengeneza akatoka kutazama. Akasema, "Huyu ndiye fundi wangu!" Mbele ya wateja!

Jumapili ijayo kuna maonyesho ya magari haya. Mjomba atapeleka gari moja na dereva mmoja. Hakusema nani. Lakini nani mwingine?

Jumatatu, 4 Machi

Chiriku amekuja. Mtoto wa mama mdogo, jina hilo kapewa kwa kelele zake. Ana gari lake. Jipya, bado linanuka boksi!

"Dada, la kwako mbona limefungwa uzi?"

Ni waya, si uzi. Nilimweleza kwa upole. Kwa upole sana.

Jumatano, 6 Machi

Zile pete mbili za shaba. Zinatiwa ndani ya magurudumu ya mbele, zinaongeza uzito, pua ya gari isinyanyuke kwenye mwinuko. Nimemwomba Mjomba tangu Januari. Leo amezitoa kwenye droo — akampa Chiriku.

Alinieleza kwamba mota yangu ni ndogo, itaungua. Huenda ni kweli. Sawa, ni kweli. Lakini alipozitoa alimwambia, "Shika, fundi wangu." Hilo nalo ni la mota?

Ijumaa, 8 Machi

Mama ameuliza kama naumwa. Siumwi.

Nimetia nati kuukuu ndani ya tairi za mbele, nimezizungushia kitambaa. Sasa gari linalia kama kopo la misumari.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika nimekaa juu ya ndoo, nyuma ya karakana. Mjomba anachagua leo.

Langu limefika juu mara moja kati ya tatu. La Chiriku halijafika hata mara moja. Kila likifika katikati linanyanyua pua, linaanguka chali. Mjomba hakuona jaribio la mwisho, aliitwa na mteja.

Sababu ya kuanguka naijua. Asubuhi Chiriku alilivua ganda, akaligeuza chali ili afungue magurudumu atie pete. Bila ganda, mbele na nyuma ni sawasawa. Akachanganya. Pete ziko nyuma! Nilimwona. Nikaendelea kukaza skrubu zangu kana kwamba sikuona. Nilifurahi — naandika ukweli. Nilifurahi mpaka nikala maandazi mawili.

Sasa hasemi kitu. Chiriku, kimya! Amekuja akaniwekea gari lake mapajani.

"Dada, nishikie tu. Mimi haya mambo siyawezi. Wewe ndiye unayeyajua."

Amekaa chini kando yangu, anafuta pua kwa mkono wa shati. Gari ni zito kuliko nilivyodhani. Zito nyuma. Spana iko mfukoni mwangu. Kuhamisha pete, dakika kumi. Kwa pete hizo mbele, na mota ile, litapanda jiwe hili kama ngazi. Langu halitaliweza hilo, hata nikisali.

Mjomba ametokea mlangoni, anafuta mikono.

"Fundi wangu! Tatizo nini hapo?"

Tumeinua vichwa wote wawili.