Taa za Darasani na Lori la Kuni

Nyegezi, Mwanza
2 Machi 2026

Shikamoo shangazi,

Natumaini kifua kimetulia. Sisi huku hatujambo. Shirika letu la mazingira linaandaa kampeni: Jumamosi tarehe 28, kuanzia saa mbili na nusu usiku, kila mtu azime taa kwa saa nzima. Nimeshaahidi kwamba shule yenu itashiriki. Wewe ni mpishi mkuu hapo na mwalimu mkuu, Mwalimu Luhende, anakusikiliza. Niombee kwake.

Mwanao,
Gladness

Sengerema
9 Machi 2026

Marahaba mwanangu,

Tu wazima, ila kifua ni kilekile. Mwalimu Luhende nilimsomea barua yako, akacheka: "Mama Kija, wiki hii umeme umekatika mara tatu. Si tumeshashiriki?" Mimi sikucheka. Kidato cha nne wanasoma usiku kwa taa nne tu. Nimemwambia asizime.

Ukitaka kujua tunaharibu nini, njoo jikoni. Mafiga yetu yanamaliza lori la kuni kila wiki mbili. Kilima cha nyuma ya shule kimebaki upara. Mwenzangu Bernadeta ameacha kazi, macho yamekataa moshi. Hizo taa zenu ni kufagia uani huku paa linaungua. Nakwambia kwa sababu wewe ni damu yangu.

Shangazi yako,
Kija

Nyegezi, Mwanza
17 Mei 2026

Shikamoo shangazi,

Habari za tangu Machi? Nisamehe kwa kunyamaza. Barua yako iliniuma, nikaitia kwenye mkoba nisiione.

Siku ya kampeni walikuja watu kama mia mbili. Tulipozima taa, mama mmoja akauliza, "Zikiwashwa tena, tunafanya nini?" Nikaitoa barua yako, nikaisoma yote kwa tochi ya simu, hata pale pa paa kuungua. Kiongozi wangu alinuna. Lakini akasimama fundi mmoja, Shimba, anayejenga majiko ya matofali yenye bomba la moshi. Akasema, "Hiyo shule nielekezeni."

Siku tatu baadaye kiongozi aliniita. Badala ya fulana za kampeni ijayo, shirika litanunua matofali ya majiko yenu.

Umeme tuliookoa saa ile ni kidogo mno, nakubali. Ila bila saa ile Shimba nisingemjua. Hapo sikubaliani nawe.

Mwanao,
Gladness

Sengerema
30 Agosti 2026

Marahaba mwanangu,

Hapo umenishinda, nami nakiri.

Majiko yamekwisha kujengwa. Siku ya kwanza ugali uligoma kuiva, wanafunzi wakala saa kumi. Mwalimu Luhende akataka turudi kwenye mafiga. Nikamwambia, "Mwalimu, mwiko ninao mimi." Nikamwita Shimba, akapanua mdomo wa jiko. Kesho yake waliitwa kula saa saba kamili. Lori moja la kuni sasa linatuvusha wiki tano. Kikohozi bado ninacho, jiko haliwezi kufuta moshi wa miaka kumi na tisa. Lakini sufuria naiona hadi chini, nilikuwa nimesahau ilivyo.

Wapishi wa shule moja ya Busisi walikuja kutazama, wakaniomba nikawafundishe kuwasha majiko kama haya. Naondoka Jumanne pamoja na Shimba, atakayewajengea. Mwalimu Luhende alinipa ruhusa ya siku mbili. Nimemwambia nitarudi siku ya nne.

Shangazi yako,
Kija