Mabawa ya Seti ya Tisa

Jumatatu, 3 Machi 2003

Mutuku mwanangu,

Nimefagia karakana. Nimewasha feni yako ya majaribio dakika moja, nikaizima. Wiki sita tangu tukuzike. Naandika katika daftari uliloninunulia la oda za viti. Oda ni chache.

Daktari Njeri, mwalimu wako wa chuo, amepiga simu kwa jirani. Chuoni wamekubali kukupa shahada yako ya udaktari hata kama hupo. Lakini seti ya tisa ya mabawa ya feni lazima ipimwe tena mbele ya wakaguzi, kwa sababu wewe uliipima mara moja tu. Atakuja Ijumaa kuichukua.

Nilimwambia mama yako mara tatu ndipo akasikia. Sikio la kushoto limekufa kabisa. Miaka kumi na moja ya kazi chini ya feni za kile chumba cha kufungashia maua ya kuuzwa. Ulikuwa darasa la saba uliposema utamtengenezea feni isiyopiga kelele. Tulicheka. Ulikuwa umeshika mkate.

Jumatano, 5 Machi

Nimetoa mabawa matatu chini ya kitanda chako. Seti nane za kwanza nilichonga mimi, wewe ukichora. Hii ya tisa ulichonga peke yako nilipokuwa Machakos kwa harusi. Niliporudi ulikuwa tayari hospitalini na ile nimonia.

Jakaranda nzuri. Umbo safi. Lakini ukingo wa kila bawa ulikuwa vijino vijino, kama umetafunwa na panya. Nilihuzunika. Nikajua homa ilikuwa imekushika, mkono ukaisha nguvu ukaacha kazi katikati. Wewe hukuwahi kuacha ukingo hivyo. Ulipokuwa na miaka tisa nilikufundisha: kiti kikimkwaruza mteja, harudi.

Nimepiga msasa siku nzima. Ule mkali kwanza, kisha ule laini. Halafu vanishi mara mbili. Yanang'aa. Nimelia kidogo, lakini nilikuwa na furaha. Niliona kama nimekumalizia kazi.

Ijumaa, 7 Machi

Daktari Njeri alipitisha kidole gumba ukingoni. Akarudia. Akageuza bawa la pili, na la tatu.

"Mzee, yale meno ya huku yameenda wapi?"

"Nimeyasafisha, daktari. Yalikuwa yamebaki mabaya."

Alikaa kwenye stuli ambayo haijapigiliwa vizuri. Sikuwa na nguvu ya kumwonya. Akanieleza polepole, kama anavyoelezwa mgonjwa. Yale meno ndiyo yalikuwa kazi yako. Yanakata upepo vipande vidogo, usipige kelele. Feni ikazunguka kwa umeme kidogo na mtu akaongea chini yake kama kawaida. Ulifuata unyoya wa bundi, ndege anayeruka bila sauti.

Tulifungua daftari lako la utafiti. Kila kipimo kipo, isipokuwa cha meno. Hapo uliandika maneno mawili tu: "kama unyoya". Chini yake alama ya gundi. Unyoya haupo.

Mama yako alikuwa mlangoni na chai.

"Ule wa bundi? Niliuchoma."

Siku ya pili baada ya mazishi. Alikuta ndege wa kifo amebandikwa ndani ya daftari la mtoto wake. Nani angeuacha? Hata mimi ningewasha kiberiti.

Daktari hakutugombeza. Afadhali angetugombeza. Ametupa mpaka tarehe ishirini na nane, siku ya wakaguzi.

Jumamosi, 8 Machi

Sikula. Mama yako hakula. Hatulaumiani. Kila mmoja anajilaumu upande wake wa meza.

Nimekung'uta msasa kwenye gazeti. Unga wa jakaranda. Ndio huo utafiti wako. Nimeutia kwenye kopo la kahawa. Sijui wa nini.

Alhamisi, 13 Machi

Nimefika Kiserian, kwenye machimbo ya mawe. Nilisikia bundi wanalala kwenye nyufa za juu. Wachonga mawe waliweka nyundo chini kunitazama.

"Mzee, watu wanafukuza bundi, wewe unamtafuta? Umechoka kuishi?"

"Anataka kumroga mama mkwe!" mwingine akapiga kelele. Wakacheka sana.

Nikawaambia unyoya ni wa kazi ya mtoto wangu, alikuwa msomi, amefariki. Kicheko kikaisha. Mmoja wao, Mmasai mrefu, akapanda mwenyewe bila kuniuliza jina. Alishuka na unyoya ameufunga kwa karatasi ya sigara, hataki umguse. "Sere, mzee," akaniaga, akaenda kunawa mikono.

Mama yako ameuweka unyoya kwenye sahani ya wageni. Amekaa mbali nao, lakini ameuweka.

Jumatano, 19 Machi

Nimekata meno. Msumeno mdogo na tupa. Kwenye unyoya ni madogo kama kope za mtoto. Kwenye mbao ulifanya makubwa kiasi gani? Kina kiasi gani? Yalisimama au yalilala? Siku nzima yalikuwa chini ya vidole vyangu na sikuyatazama. Nilikuwa nayaondoa tu. Nimefunga macho nikaomba gumba likumbuke. Linakumbuka kidogo. Haitoshi. Nimeharibu mbao nne za majaribio kabla ya kugusa mabawa yako.

Ijumaa, 28 Machi

Chuoni. Chumba cha kupimia kelele, chenye sponji kuta zote. Wakafunga mabawa, wakawasha. Mimi niliona iko kimya. Nikaanza kutabasamu. Kisha nikaona uso wa Daktari Njeri.

Kelele ni sawasawa na ya seti ya sita. Si ya tisa. Walirudia mara tano.

Mkaguzi mmoja aliuliza nani amechonga. Nikasema ni mimi. Akasema, "Fundi, kazi safi." Nilitamani ardhi inimeze.

Hakuna shahada. Karatasi zako zitawekwa kwenye kabati la idara. Juu ya faili wameandika: haikukamilika. Ilikuwa imekamilika. Mimi ndiye niliyeimaliza vibaya.

Jumapili, 6 Aprili

Tumetoka kanisani, tumekula githeri. Nimefunga feni yako juu ya meza ya kulia, na mabawa yale yale. Mama yako alikaa chini yake na sikio lake zima. Tuliongea habari za mvua, bila kupandisha sauti.

Jua lilipokuwa linazama bundi alitua kwenye nguzo ya uzio. Unajua mama yako. Miaka yote huwa ana jiwe tayari. Leo alisimama mlangoni, mikono mitupu.

Yule ndege akaondoka. Alipita juu ya vichwa vyetu, karibu kabisa. Mama yako akanigeukia.

"Umesikia kitu?"

"Hapana."

"Hata mimi."

Tulibaki hapo, sote wawili bila kusikia.

Mutuku, nilitaka tu ipendeze. Ukinikumbuka huko uliko, nikumbuke kwa hilo.