Mbunge wa Ghorofa ya Sita

Alhamisi, mwezi wa sita, 2013
Fereej Bin Mahmoud, Doha

Joto la leo ni lile la kushika kitasa cha mlango wa nje kwa leso. Miguu inaniuma, lakini roho imetulia kuliko jana, na nataka kuandika kabla sijaanza kujidanganya kuhusu yaliyotokea.

Kwa asiyenijua: mimi ni soja, yaani mlinzi, kwenye jengo la ghorofa sita. Nakaa kaunta, naandikisha wageni, nafungua mlango. Lifti ilikuwa imekufa kwa wiki tatu. Kila nilipompigia mudir, yaani meneja wa jengo, alinijibu bukra. Bukra ni kesho kwa Kiarabu, ila kesho yake yeye haikuwa ikifika.

Ghorofa ya sita anaishi Oksana, binti wa Ukraine anayefanya kazi kwenye ndege. Mwezi uliopita alimleta mamake apumzike. Kabla ya kusafiri alikuja kaunta akaniomba kwa upole nimwangalie mama, asitoke mchana, na asianzishe siasa. Nilicheka. Mama wa miaka sitini na kitu, goti bovu, kofia ya ukindu. Siasa gani?

Mimi namwita Mama Oksana, vile ningemwita kwetu Bungoma. Alilipenda jina hilo. Aliniambia ameitwa mengi magazetini, na hakuna hata moja lililomtaja mtoto wake.

Kumbe mama wa watu alikuwa mbunge.

Alinisimulia mwenyewe kwenye kiti cha wageni, akingoja goti lipate nguvu ya kupanda. Alianza kama mwalimu wa kemia katika mji mdogo. Msimu mmoja wa baridi kali mabomba ya joto ya shule yalipasuka, watoto wakawa wanasoma na glavu mikononi. Akawakusanya wazazi, wakasimama mbele ya gari la meya asubuhi tatu mfululizo mpaka mabomba yakatengenezwa. Watu wakamchagua diwani. Mwaka wa 2004 akalala kwenye hema, kwenye theluji ya Kyiv, pamoja na umati uliovaa vitambaa vya rangi ya chungwa kupinga kura iliyoibwa. Nikamwambia hata sisi Kenya, mwaka uliofuata, tuligombana kwa chungwa na ndizi kwenye kura ya katiba. Akataka kujua ndizi ilikuwa na sera gani. Nilieleza karibu nusu saa, na mwishowe tulikuwa wawili tusioelewa.

Bungeni alikaa miaka sita. Huko wanapigana ngumi za kweli. Alinionyesha kidole chake cha mwisho, kimepinda. Kilivunjwa na mheshimiwa wa kamati ya utamaduni. Uchaguzi wa mwaka jana akaanguka, ndiyo Oksana akamleta huku.

Mtu kama huyo humwambii bukra.

Jumapili alishuka na karatasi: barua kwa mudir kuhusu lifti, na mistari ya kutia sahihi. Nilimsihi. Nilimweleza kwamba huku hakuna maandamano, na kwamba kibali changu cha kukaa kiko mikononi mwa kampuni ya ulinzi. Akasema hayo si maandamano, ni barua yenye adabu. Halafu akaniomba nitie sahihi ya mfano kwenye mstari wa kwanza, ili wapangaji waone mahali pa kuandika.

Niseme ukweli, kwa kuwa mudir hasomi Kiswahili. Haikuwa mfano. Niliikandamiza kalamu.

Siku mbili alizunguka mlango kwa mlango na goti lile. Wauguzi wa Kifilipino wakasaini. Mhasibu wa Kimisri akasaini na kuongeza ukurasa mzima kuhusu maji. Jumanne mudir akanipigia, ana nakala ya barua mkononi. Akauliza nani kaiandika.

Nikasema simjui.

Akanisomea jina la kwanza kwenye orodha, taratibu, pamoja na namba yangu ya kazi, maana hata hiyo nilikuwa nimeiandika. Akanipa hadi leo nimtaje mtu, la sivyo kampuni inirudishe kwenye kambi ya wafanyakazi, na kutoka kambini, nyumbani.

Jana nilipanda ghorofa sita kwenda kumwambia Mama Oksana kwamba nimemkana. Nilitarajia anifukuze. Alinikarangia mayai. Akasema kwamba siku ya kura yake ya kwanza ngumu bungeni alijificha chooni saa nzima, na kule ndani akawakuta wenzake wawili wa chama kimoja naye. Tulicheka mpaka akashika goti. Kisha akachukua simu, akamwalika mudir aje kupokea barua rasmi, kwa mkono wake, nyumbani kwake.

Mudir ni mtu wa heshima. Mwaliko wa mama mzee hakuweza kuukataa. Leo saa sita mchana akafika na suti. Nikamfuata nyuma nikimbebea faili. Kila ghorofa kulikuwa na mpangaji mlangoni na glasi ya maji, anamkaribisha na kumwambia shida yake moja tu ya kuishi bila lifti. Wa tatu alikuwa mjamzito. Ghorofa ya nne akavua koti. Ya tano, tai. Ya sita alikaa kwenye ngazi, na Mama Oksana akamletea supu ya bitiruti, ya moto.

Mudir akamtazama, akanigeukia mimi. "Ni yeye?"

"Ni yeye," nikasema. "Lakini hata mimi nilisaini, na nilimaanisha. Nilikudanganya kwa simu."

Nikangoja. Alifungua mdomo mara mbili. Nadhani alitaka kunifuta kazi, ila pumzi haikutosha. Alipomaliza supu alimpigia fundi.

Saa kumi lifti ilikuwa inapanda. Oksana aliporudi na sanduku lake akaingia ndani bila kujua chochote. Nimesikia alimuuliza mamake kama alipumzika, naye akajibu amepumzika vizuri sana.

Nilidhani yameisha. Ila tangu jioni ianze wapangaji wamepanga foleni kwenye kaunta yangu. Mhasibu na maji yake. Mama wa Kihindi na taa ya ngazini. Mudir naye amenipigia kusema, kwa sauti ya mtu aliyeshindwa, kwamba kuanzia sasa malalamiko yote yapitie kwangu, kwa maandishi.

Mimi ni soja. Sijui nilichaguliwa lini. Aibu yangu kubwa ni kwamba nimenunua daftari, na nimechora mistari ya kutia sahihi.

Kesho naanzia ghorofa ya nne.