Ladha ya Cheda

Bagamoyo, mwezi 9 Mfunguo Mosi, 1303

Kwa mwanangu Mwishehe, aliyeko Unguja. Nakusalimu salamu nyingi, nami nataka kujua hali yako na kile kifua kilichokuwa kikikusumbua. Huku sijambo, ila magoti, na magoti si habari mpya.

Wabaadu. Jambo letu kwa Mzee Majaliwa limesimama. Mahari ilikwisha kukubaliwa, ikabaki siku ya nikahi tu. Sasa Bwanausi wa Saadani, yule muuza samaki wa ng'onda, amerudi kutoka Unguja. Anasema alipita mlango wa nyuma wa Mzungu unayempikia, akakuona unakata pande la kitu cha njano kinachonuka. Amewaambia watu msikitini kwamba ni mafuta ya nguruwe, na kwamba mpishi hapiki bila kuonja.

Mzee Majaliwa hakugomba. Aliniita, akasema hatamwoza binti yake Mardhiya kwa mtu ambaye hajui kinywani mwake kinaingia nini. Anataka uandike mambo matatu juu ya kitu hicho: rangi yake, harufu yake na ladha yake. Unajua macho yake yamefunga ukungu, na barua za nyumba ile msomaji ni mimi. Basi andika upesi. Mardhiya haulizi kitu, lakini wiki hii amekuja mara tatu kuazima ungo, na anajua sina ungo.

Mimi shangazi yako, Mwanamvua.


Unguja, mwezi 21 Mfunguo Mosi, 1303

Shangazi yangu mpenzi, shikamoo. Barua imefika, na kifua kimepona. Magoti yako yakande kwa maji ya chumvi, usiyadharau.

Mwambie Mzee Majaliwa atulie. Kitu kile ni jibini, maziwa ya ng'ombe yaliyogandishwa, yakakamuliwa maji, yakawekwa miezi mingi mpaka yakawa magumu. Wenyewe wanaiita cheda, kwa jina la kijiji kwao. Hapa huja ndani ya kopo la bati.

Rangi yake ni kama nyama ya papai ambalo bado siku mbili liive. Mafuta ya nguruwe ni meupe, tena Bwanausi ameyaona wapi hata akayatambua? Nami nilistaajabu maziwa kuwa na rangi ile, nikamwuliza bibi mwenye nyumba. Akasema kwao ng'ombe wakila majani mabichi maziwa hupata unjano, na wakila majani makavu hutoka meupe. Wanunuzi wakiona jibini nyeupe hudhani ni hafifu, kwa hiyo hutiwa rangi ifanane mwaka mzima. Akanionyesha mbegu zenyewe kitabuni. Shangazi, ni zingifuri. Ni ile ile unayochemshia ukili wa mikeka yako.

Harufu, kopo likifunguliwa, ni ya kibuyu cha mtindi kilichosahauliwa. Ikikaa wazi kidogo hupungua.

Ladha yake huanza na chumvi. Kisha huja utamu mdogo, kama korosho iliyokaangwa, halafu uchachu unaouma pembe za ulimi. Ile iliyokaa sana ina chembechembe zinazovunjika menoni. Ukimeza, mafuta yake hubaki kwenye ufizi, na dakika chache baadaye unajikuta unaitaka tena.

Msalimie kila anayeuliza habari zangu, na anayeazima ungo.

Mimi mwanao, Mwishehe.


Bagamoyo, mwezi 14 Mfunguo Pili, 1303

Mwanangu Mwishehe, salamu. Mimi mzima, na maji ya chumvi yamesaidia goti la kulia tu.

Barua yako nimemsomea Mzee Majaliwa barazani kwake. Maziwa yalimridhisha. Zingifuri ilimchekesha, akaomba nimsomee mara mbili. Harufu nikaisoma. Nilipofika kwenye ladha, nikaisoma kwanza kimoyomoyo. Mwanangu, ulimcheka Bwanausi kwa kuyajua mafuta ya nguruwe. Na wewe je, chembechembe za menoni umezijuaje? Kuna mtu anayejua ladha ya asichokula? Na chakula cha Mzungu, hata kikiwa maziwa, watu hawataacha kukinong'ona.

Nikaruka. Nikasoma salamu, nikakunja karatasi. Mzee aliipapasa karatasi iliyokunjwa, kisha akasema nikahi iwe Mfunguo Sita, baada ya Maulidi.

Sasa fanya hivi: niandikie barua nyingine kama ile, uondoe ladha, useme hujawahi kuonja. Ile ya kwanza nitaitia mekoni. Funika kombe mwanaharamu apite.

Shangazi yako, Mwanamvua.


Unguja, mwezi 2 Mfunguo Tatu, 1303

Shangazi, shikamoo. Nimechelewa kujibu kwa sababu kwanza niliandika barua uliyoitaka. Nimeichana.

Nimeila. Siku ya kwanza bwana aliniambia nionje nione kama imeharibika. Tangu hapo nikawa nakata kipande changu kabla ya kupeleka mezani. Mwaka mzima. Naipenda, huo ndio ukweli, na sikujua kama kuna la kuuliza, maana ni maziwa.

Baada ya barua yako nilikwenda kwa mwanachuoni mmoja hapa mtaa wa Malindi. Akaniuliza maziwa hugandishwa kwa kitu gani. Nikarudi kuuliza, nikaambiwa ni kwa tumbo la ndama. Akasema maziwa hayana neno, lakini ndama huyo hatujui kachinjwaje. Wanazuoni wamekhitilafiana, na lenye shaka ni bora kuliacha. Nimeliacha. Ni siku kumi na moja leo, na si rahisi.

Msomee Mzee Majaliwa barua zote mbili, hii na ile, neno kwa neno. Akinikataa, anikatae mimi anayenijua. Nikioa kwa barua iliyorukwa, kila nikikaa naye sahani moja nitakuwa namwibia. Naogopa sana, Shangazi, lakini soma.

Mwanao, Mwishehe.


Bagamoyo, mwezi 27 Mfunguo Tatu, 1303

Mwanangu, salamu. Mwili mzima.

Nimesoma zote mbili. Neno kwa neno, kama mtoto wa chuo anayejifunza herufi. Mzee Majaliwa alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Macho yangu ndiyo mabovu, Bi Mwanamvua. Niliuliza mambo matatu nikasomewa mawili. Nikanyamaza, nione nani kati yenu atanirudishia la tatu."

Nikahi ipo pale pale, Mfunguo Sita. Amesema umeila bila kujua na umeiacha ulipojua, hana zaidi la kukudai.

Kwangu mimi amesema kwa upole, na afadhali angenitukana. Barua za nyumba yake sasa zitasomwa na Mardhiya, ambaye ni mimi niliyemfundisha kuunga herufi. Habari zimetembea mtaani. Miaka kumi na tisa watu wamekuwa wakiniletea barua zao, na wiki hii hakuja hata mmoja. Wana haki. Na wao watajuaje nilichoruka?

Nilikukasirikia siku mbili. Siku ya tatu nikakumbuka aliyekulea ni nani, hasira ikaisha.

Ukijua siku utakayovuka, mwandikie mkweo. Usiipitishe kwangu barua hiyo, itume ifike mkononi mwa Mardhiya. Kwangu niandikie yangu tu.

Shangazi yako, Mwanamvua.